Kaseti ya mama, memori kadi ya binti

Daftari lilikuwa chini ya godoro. Kwa nje liliandikwa Jiografia, lakini kuanzia katikati hakukuwa na ramani wala mabonde ya ufa. Kulikuwa na kurasa kumi na kitu za Kiingereza kilichoandikwa kwa kalamu ya rangi, mioyo imechorwa pembeni, na baadhi ya maneno yamepigiwa mstari mara mbili. Mama mwenye nyumba, mkulima wa kahawa na migomba huko Nkwenda, wilayani Kyerwa, aliishia darasa la saba. Alilitambua neno moja tu, lile la mapenzi ambalo watu huliandika hata nyuma ya bodaboda. Hilo lilimtosha.

Aliamini ni barua za mwanaume. Binti yake ana miaka 16, yuko kidato cha tatu shule ya kata, na hutembea karibu saa nzima kwenda na saa nzima kurudi. Mama alisubiri mumewe aende gulioni, akalifunga daftari ndani ya kitenge na kulipeleka kwa mwalimu wa Kiingereza anayeishi jirani. Mwalimu alisoma ukurasa wa kwanza, akasoma wa pili, kisha akaanza kucheka.

"Mama, hizi si barua. Hizi ni nyimbo za Wamarekani."

Zilikuwa nyimbo za Olivia Rodrigo, kutoka albamu yake ya kwanza, Sour, iliyotoka Mei 2021 msanii huyo akiwa na miaka 18. Binti alikuwa amezisikiliza, akazirudia, akayanakili maneno yake moja baada ya jingine, makosa ya tahajia yakiwemo. Ni albamu ya nyimbo 11, na karibu zote zinahusu mambo ya umri ule ule. Msichana amepata leseni ya udereva na anaendesha gari peke yake akipita mitaa ya mvulana aliyemwacha. Msichana anakasirika kuona aliyemwacha amenawiri kana kwamba hakuna kilichotokea. Msichana anajilinganisha na wasichana wengine anaowaona mtandaoni na kujiona si kitu. Baadhi ya nyimbo hizo zina magitaa ya kukwaruza na ngoma za haraka, mtindo ambao wenyewe huuita pop-punk.

Mtindo huo si mpya. Mwaka 2001 kundi la Blink-182 lilishika namba moja Marekani kwa albamu ya aina hiyo hiyo, ya mapenzi ya wanafunzi na utundu wao, ndani yake ukiwemo wimbo wa mtoto anayewatazama wazazi wake wakishindwana. Mwaka uliofuata akaja Avril Lavigne wa Canada, naye akiwa na miaka 17. Kwa hiyo kila kizazi kimekuwa na kelele zake, na wazazi wa huko pia walipiga kelele zao.

Mama alirudi nyumbani amepoa kidogo, ila hakuwa ameridhika. Barua au wimbo, mapenzi ni mapenzi. Jioni aliitwaa simu ya binti, kitochi cha vitufe chenye ufa kwenye kioo, akatoa memori kadi na kutangaza kwamba itaingia kwenye moto wa jikoni.

Aliyemzuia ni bibi, mama yake mzazi, aliyekuwa amekuja kusaidia kuanika kahawa. Alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua maharage, wala hakuinua uso.

"Ya Saida uliificha wapi vile? Kwenye gunia la kahawa, au nimesahau mimi?"

Hakuwa amesahau. Mwaka 2002, wakati Kyerwa ingali sehemu ya Karagwe (ilikatwa na kuwa wilaya mwaka 2012), msichana wa miaka 15 alichota kahawa ya maganda kutoka kwenye turubai la baba yake, bakuli mbili, akaiuza kwa mchuuzi na kununua kaseti. Ilikuwa Maria Salome ya Saida Karoli, mwana Kagera aliyeimba kwa Kihaya na kuwachezesha hata Watanzania wasioelewa neno la lugha hiyo. Wanyambo wa Karagwe walielewa, kwa kuwa lugha zao ni ndugu. Wale waliokuwa vijana wakati ule wanajua jinsi Chambua Kama Karanga ilivyopigwa kwenye harusi, baa na mabasi. Ni wimbo wa mapenzi. Kaseti ilipogunduliwa msichana alichapwa, na redio ikafungiwa kabatini hadi Krismasi.

Hapo mama na binti walikuwa sawa: wimbo wa mapenzi, maficho, na mzazi mwenye hasira. Lakini hasira ya mwaka 2002 ilikuwa na mizizi ambayo vijana wa leo hawaioni.

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walipatikana mkoani Kagera mwaka 1983. Kabla ugonjwa haujawa na jina la kitabibu, watu wa mkoa huu waliuita Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara wa magendo kutoka Uganda na kupendwa na wasichana. Ilisemwa kwamba waliokipokea kwa wachuuzi hao ndio walioanza kukonda. Bibi huyu alizika watoto wawili. Kwake yeye, msichana aliyekuwa akicheza mbele ya redio huku akitabasamu peke yake alikuwa ameanza safari ambayo mwisho wake aliuona kwa macho. Fimbo ile ilitoka kwenye woga. Haikumfundisha msichana chochote kuhusu mwili wake, na ndiyo kasoro yake, lakini si haki kuiita ushamba.

Leo mambo yamebadilika. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na tangu sheria irekebishwe mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupimwa VVU bila kusubiri ridhaa ya mzazi. Hatari iliyo karibu zaidi na msichana wa sekondari ni mimba. Utafiti wa afya na demografia wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamewahi kushika mimba. Mwaka 2015/16 walikuwa asilimia 27. Imeshuka, ila bado ni zaidi ya msichana mmoja kati ya watano, na mwili wa umri huo hulipa gharama kubwa: kifafa cha mimba, uchungu pingamizi kwa nyonga ambazo hazijakomaa, fistula, mtoto kuzaliwa na uzito pungufu.

Je, wimbo unamfikisha mtoto huko? Wazazi wengi hudhani ndivyo. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la Pediatrics lilichapisha utafiti wa Marekani uliowafuatilia vijana wapatao 1,460 wa miaka 12 hadi 17. Waliosikiliza zaidi nyimbo zinazomfanya mwanamke chombo na mwanaume mnyama asiyejizuia ndio walioelekea kuanza ngono mapema. Nyimbo nyingine zenye maneno ya mapenzi, zisizomdhalilisha mtu, hazikuonyesha uhusiano huo. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba wimbo ndio uliosababisha, na vijana wa Marekani si vijana wa Kaisho au Kituntu. Hata hivyo unampa mzazi kipimo kinachofaa kuliko kuuliza tu kama wimbo ni wa mapenzi. Aulize: wimbo huu unamsema vipi msichana? Ana sauti, au ana kiuno tu?

Kwa kipimo hicho daftari la Jiografia lilikuwa salama kuliko nyimbo nyingi zinazopigwa kwenye sabufa za sherehe za kipaimara mbele ya wachungaji na wazee, na hakuna anayezichomea memori kadi.

Umri wenyewe nao una mambo yake. Sehemu ya ubongo inayopima matokeo na kuzuia papara huendelea kukomaa hadi kwenye miaka ya ishirini na kitu, ilhali ile ya hisia imeshawaka tangu balehe. Ndiyo maana kuachwa na mvulana wa kidato cha nne huumiza kama msiba. Mtu mzima akicheka, kijana anajifunza kitu kimoja: jambo lijalo asimwambie mtu mzima. Na wakati wa senene, Novemba, usiku wa taa na makelele, atakwenda kuwakamata na wenzake, na atakachokutana nacho huko hatakisema.

Bibi alipendekeza njia ya zamani, shangazi. Kwa Wanyambo na Wahaya shangazi ndiye aliyemweka msichana kando na kumweleza mambo ambayo mama aliona haya kuyatamka. Lakini shangazi wa binti huyu yuko Mwanza na huja mara moja kwa mwaka, na mengi hayasubiri Desemba. Basi mama alifanya asilowahi kufanyiwa. Siku ya pili, wakimenya ndizi, aliirudisha memori kadi na kusema: "Niwekee huo wimbo, halafu uniambie anasema nini."

Binti alidhani ni mtego. Alichagua wa leseni ya udereva, akautafsiri kwa aibu, sentensi kwa sentensi, macho yakiwa kwenye kisu. Mama aliuliza kwa nini huyo msichana asishuke garini akagonga mlango. Wakacheka. Wimbo wa tatu au wa nne, bila kupanga, mama aliuliza swali ambalo alipaswa kuanza nalo.

"Hizi nyimbo aliyekuingizia ni nani? Ulilipa nini?"

Hapo kicheko kiliisha. Nyimbo huingizwa kwenye vibanda vya kuchaji simu kwa malipo, na mama alijua bei ya vitu vya vijana kwa sababu yeye aliwahi kulipa kwa kahawa ya baba yake. Safari hii kahawa haikupungua kwenye turubai. Aliyelipa ni dereva wa bodaboda. Alilipia nyimbo, akalipia vocha mara mbili, na siku za mvua humfikisha binti karibu na shule bila kudai nauli. Ana mke. Wiki iliyotangulia alikuwa amemwambia binti kwamba deni limekuwa kubwa, na aanze kufikiria atalilipaje.

Hakuna mstari hata mmoja kwenye daftari uliokuwa na habari hiyo. Kama memori kadi ingechomwa siku ile, deni lingebaki na binti angenyamaza.

Mama hakupiga kelele, na haikuwa kazi ndogo. Alimuuliza kama huyo mtu amemgusa. Jibu lilikuwa hapana. Alimwambia kwamba deni hilo si lake, kwamba mtu mzima anayempa mtoto vitu na kisha kudai mwili ndiye mwenye kosa. Sheria iko upande wake: kufanya ngono na msichana aliye chini ya miaka 18 ni ubakaji hata akisema ndiyo, na tangu marekebisho ya mwaka 2016 anayempa mimba mwanafunzi anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, kuna afisa ustawi wa jamii wilayani, na kuna namba 116 ya huduma kwa mtoto ambayo hupigwa bure. Familia hii ilianzia kwa mwenyekiti wa kitongoji na viongozi wa kijiwe cha bodaboda, baba akiwepo, bila binti kulazimishwa kusimama mbele ya watu. Dereva yule haonekani tena kwenye njia ya shule.

Baba alitaka binti ahamishwe shule. Walibishana siku tatu. Mwishowe ilikubaliwa atembee na wenzake wawili wa kitongoji cha pili, na pesa ya vocha itoke nyumbani, kidogo, wazi. Mama naye alikwenda naye zahanati, ambako muuguzi alizungumza na binti peke yake kwa nusu saa, mlango ukiwa umefungwa. Mama alikaa kwenye benchi la nje na hakuuliza walisema nini. Wapo wanaoamini mazungumzo kama hayo hufundisha uhuni. Mwongozo wa UNESCO wa mwaka 2018, uliokusanya tafiti za nchi nyingi, ulikuta kwamba elimu ya afya ya uzazi haiwafanyi vijana kuanza ngono mapema.

Nyimbo ziliendelea, moja kila jioni, ndizi zikimenywa. Baba huzisikilizia mlangoni huku akijifanya anatengeneza jembe. Walipofika wa kumi na moja, wa mwisho kwenye albamu, binti alisema huo hautafsiri.

"Ni wa mvulana gani?" mama aliuliza.

"Si wa mvulana, mama. Anawaimbia rafiki zake wa utotoni waliokuwa na wazazi wakali. Anawauliza kama sasa hivi wako salama."

Mama alitupa ganda kwenye beseni na kuchukua ndizi nyingine. Bibi, aliyekuwa amejifunika khanga kama mtu aliyelala, alisema aurudie tangu mwanzo.