Kuku wa Mfenesini

Ukifika Wawi, Pemba, harufu ya kiwanda cha makonyo ya karafuu hukupokea kabla ya mwenyeji, na nyuma ya nyumba mafenesi yamening'inia. Sisi twayangoja yaive. Ulaya na Marekani fenesi changa huuzwa ndani ya makopo badala ya kuku, maana likichemka huchambuka nyuzinyuzi. Lichume kokwa zikiwa bado laini, paka mafuta kisu na mikono (utomvu wake hauna huruma), chemsha, kisha liunge kwa tui zito, bizari na ndimu. Protini ya kuku halina, ndiyo maana sinia langu halikosi mbaazi. Na yai? Nalo si lazima. Mkate wa kumimina wa mchele na tui huweza kuumuka kwa hamira tu. Bajia za kunde hazijawahi kuliulizia.