Semina ya siku moja haiokoi mtoto
MTAZAMO WANGU, na Joel Ntandu

Ukitoka Singida mjini ukapita Ilongero na kunyoosha kaskazini, unaingia Mkoa wa Manyara na kufika Haydom. Hospitali ya Kilutheri ya pale imetibu watu wetu wa Singida tangu mwaka 1955, na wengi wa Wilaya ya Mkalama wanaihesabu kuwa yao. Kwa hiyo utafiti uliotoka huko unatuhusu.

Februari 2025, jarida la tiba la New England Journal of Medicine lilichapisha matokeo ya mpango wa Safer Births, utafiti ulioongozwa na Dk. Benjamin Kamala wa Haydom. Ulifanyika katika hospitali na vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Shinyanga, Geita na Mwanza, na ulihusisha kina mama zaidi ya 281,000. Vifo vya watoto ndani ya saa 24 za mwanzo vilipungua kwa takriban asilimia 40, na vya kina mama kwa takriban asilimia 75.

Wengi waliosikia habari hiyo walivutiwa na vifaa, na kweli vinavutia. Kuna kinachoitwa Moyo, kinachofungwa kwa mkanda tumboni mwa mama kuhesabu mapigo ya mtoto na kumshtua mkunga yakienda kombo. Kuna kingine cha kubana kifuani mwa kichanga, kinachoonyesha mapigo ya moyo wake kwa namba. Mtoto aliyezaliwa kimya, ambaye zamani angefungwa kanga akaandikwa mfu, sasa namba inaonyesha kuwa moyo wake unadunda. Tangu mtoto azaliwe, mkunga ana dakika moja ya kuanza kumpa pumzi kwa mfuko wa ambu.

Lakini je, mkono wake uko tayari? Haydom walilijibu swali hilo miaka mingi kabla. Wakunga walipewa mafunzo ya siku moja, wakafanya vizuri sana kwa mwanasesere wa mazoezi; leba hakikubadilika kitu. Walipoanza kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara, papo hapo kazini, vifo vya saa 24 za mwanzo vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000. Mwanasesere wa sasa ameunganishwa na kompyuta kibao. Shingo ikipinda au pumzi ikiwa ndogo, mkunga anaambiwa palepale, bila kusubiri mkufunzi kutoka Dodoma.

Nchi hii tumezoea semina: posho, cheti, picha ya pamoja, basi. Singida Black Stars hawawezi kufanya mazoezi siku moja wakacheza ligi nzima, na kumzindua mtoto ni kazi ngumu kuliko mpira.

Singida haikuwamo kwenye ile mikoa mitano, ingawa Manyara, Tabora na Shinyanga zote zinapakana nasi. Hilo lisiwe kisingizio. Halmashauri zetu saba zina bajeti na zina wakunga. Mwanasesere akae leba, si kabatini kwa matroni. Mazoezi yaandikwe kwenye ratiba ya zamu. Takwimu za vifo zijadiliwe kila mwezi bila kumsaka wa kumtoa kafara, maana mkunga mwenye hofu huandika uongo.

Waheshimiwa madiwani, kikao kijacho mkiletewa orodha ya vifaa vilivyonunuliwa, msiishie kupiga makofi. Mwulizeni mganga mkuu: wakunga wetu wamefanya mazoezi lini mara ya mwisho? Mdai tarehe.