Chombo Kinapoufuata Mkono

Wahenga walinena kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Mpwa wangu ameujua ukweli wa maneno hayo kwa uchungu. Miaka mitatu iliyopita mlango wa gari la mizigo ulimbana kidole gumba cha mkono wa kulia. Mfupa uliunga, lakini kidole kimekataa kukunjika hadi leo. Kazi yake anaifanya na kalamu anaishika, ila jambo moja lilimshinda, nalo ni ile michezo ya video aliyokuwa akicheza na wenzake jioni. Kontrola za kawaida, zile zenye vijiti viwili, zamtaka mtu atembee kwa gumba la kushoto na alenge shabaha kwa gumba la kulia. Asiyekuwa na gumba la kulia hukaa kando akawatazama wenzake.

Najua baadhi yenu mtasema: na akae, atapata wakati wa mambo ya maana. Nami nilikuwa mmoja wenu. Lakini nilimwona kijana wa miaka ishirini na mbili akiketi pembeni katika kikao ambacho zamani alikuwa kinara wake, nikatambua kuwa alichopoteza si mchezo tu, bali ni kikao chenyewe na wenziwe.

Juzijuzi alinijia na kijisanduku mkononi, uso umemchangamka. "Mjomba, hebu shika hii."

Niliishika. Ilikuwa kontrola nyeusi ya plastiki, nyepesi kuliko nilivyotaraji, yenye vibao viwili vya mviringo vya kugusa mahali ambapo wengine huweka vijiti, na kijiti kimoja tu upande wa kushoto. Yaitwa Steam Controller. Aliitengeneza nani? Kampuni ya Valve ya jimbo la Washington, Marekani, iliyoanza kuiuza Novemba 2015 kwa dola 49.99. Hii ya mpwa wangu ameinunua ikiwa imeshatumika, kwa sababu nitakayoieleza baadaye.

Kuna mambo mawili yanayoitofautisha na nyingine. La kwanza ni kwamba yalenga kwa mwendo wa mkono wenyewe. Ndani yake mna kidude kiitwacho jairoskopu, chenye kipande kidogo mno kinachotetema bila kukoma. Mkono ukiizungusha kontrola, mtetemo ule hupotoka kidogo, na kule kupotoka hupimwa kukageuzwa hesabu: umegeukia upande gani, tena kwa kasi gani. Jambo hili si geni kabisa. Nintendo ya Ujapani ilileta Wii mwaka 2006, watu wakapunga mikono sebuleni mwao; na mwaka 2015 mchezo wao wa Splatoon uliwazoesha wengi kulenga kwa kukigeuza walichoshika.

La pili, na ndilo lililonigusa, ni kwamba kila kitufe chaweza kupewa kazi nyingine. Ukitaka cha kulia kifanye kazi ya kushoto, sawa. Mpwa wangu ametumia vitufe viwili vilivyo mgongoni mwa kontrola, pale vidole vya nyuma vinaposhikilia. Cha kulia, akikibana, huamsha ulengaji; cha kushoto humrusha mtu hewani. Gumba lake lisilokunjika limebaki limepumzika juu ya kibao, halidaiwi chochote.

Nilikataa kufyatulia watu risasi. Basi akanifungulia Portal 2, mchezo wa mwaka 2011 ambao chombo ushikacho hutoboa milango ukutani, uingie huku utokee kule. Mwanzoni nililenga dari badala ya ukuta. Nilikaza kiwiko, nikainua mabega, na mpwa wangu akacheka kwa adabu. "Mjomba, usisukume kwa mkono mzima. Kifundo tu."

Ndipo nikakumbuka manati. Tulipokuwa wadogo, hakuna aliyelenga embe kwa kufikiri juu ya vidole. Jicho lilitazama, kifundo kikafuata. Nilipolegeza mkono, alama ya shabaha ikaanza kunitii. Kidole kikipita juu ya kibao, chini yake husikika vitetemo vidogo vidogo kama punje za tasbihi. Baada ya nusu saa nilikuwa nimevuka vyumba vitatu, na sina haya kusema kwamba nilifurahi.

Lakini msifu mvua huwa imemnyea, nami sitaficha kasoro. Vitufe vinne vya kulia ni vidogo na vimesogezwa mno katikati. Kuna nyakati shabaha husogea yenyewe polepole, mpaka uiweke kontrola mezani itulie na kupimwa upya. Orodha ya marekebisho ni ndefu hata mtu huchoka kabla ya kucheza. Tena marekebisho hayo yote yategemea programu ya Steam. Nje yake, chombo hiki hubaki kama kipanya na kibodi ya kompyuta, basi. Mpiga udi hukaza nyuzi zake mwenyewe na hahitaji ruhusa ya aliyechonga udi. Mpwa wangu anahitaji, kila siku.

Sasa nifike kwenye ile sababu ya kununua kilichotumika. Mnamo Novemba 2019 Valve iliacha kuitengeneza, na akiba iliyosalia ikauzwa kwa dola 5 tu. Hata vitufe vile vya mgongoni vilizua kesi: Februari 2021, jopo la mahakama nchini Marekani liliamua kwamba Valve iilipe kampuni ya Ironburg Inventions dola milioni 4, kwa kuingilia hataza yake ya vitufe vya nyuma. Kumbe hata mahali vidole vinapolala pana mwenyewe!

Hata hivyo wazo halikufa. Steam Deck, kompyuta ya mkononi ya kampuni hiyo iliyotoka Februari 2022, ina jairoskopu, vibao viwili na vitufe vinne vya nyuma. Novemba 2025 ikatangaza kontrola mpya yenye jina lilo hilo. Na wengine waliwafikiria wenye ulemavu hasa: Microsoft ilitoa Xbox Adaptive Controller mwaka 2018, yenye vitufe viwili vikubwa na matundu ya kuchomekea swichi za mguu, kiwiko au kidevu, Sony nayo ikatoa Access Desemba 2023. Ila bei zilizotangazwa, dola 99.99 na 89.99, ni mzigo kwa nyumba nyingi za huku kwetu.

Nionavyo mimi, suala hapa halihusu mchezo pekee. Kwa miaka mingi viwanda vimetengeneza kitu kimoja kwa mkono mmoja wa kufikirika, mkono mzima, wa kulia, wa kijana, kisha sisi wengine tukaambiwa tuzoee. Mwenye mkono wa kushoto azoee mkasi, mzee azoee vitufe vidogo vya simu, aliyeumia akae kando. Kontrola hii, pamoja na kasoro zake, imethibitisha kwamba chombo chaweza kufunzwa kumfuata mtu. Baada ya hapo hatuwezi tena kuambiwa kwamba haiwezekani. Twaweza kuambiwa tu kwamba haina faida ya kutosha, na hiyo ni hoja nyingine kabisa, ambayo kila mtu ana haki ya kuibishia.

Jioni ile nilimrudishia mpwa wangu kontrola yake. Wenzake walikuwa wamekwisha kupiga hodi. Aliketi katikati yao, gumba lake limenyooka, na mmoja wao akalalamika kwa sauti kwamba huyu bwana amerudi, sasa hapati mtu ushindi tena.