Mwalimu Auliza, Nani Ajibu?

Enyi kina mama wenye mabinti katika sekondari, waulizeni jioni hii: leo darasani umesema neno? Wengi watajibu hapana. Mwalimu huuliza, mikono ile ile mitatu hupanda, waliosalia huwa watazamaji. Na mtazamaji husinzia, wala si kwa ukaidi. Mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, alibaini katika masomo ya sayansi kwamba walimu walingoja jawabu kwa takriban sekunde 1 tu. Walipongoja 3, hata wanyamavu walijibu, tena kwa maelezo marefu. Sisi tuliofunzwa kwa kuitikia pamoja twajua jinsi sauti ya wengi imfichavyo asiyejua. Basi siku ya wazazi msimuulize mwalimu alama peke yake. Muulizeni binti yenu aliulizwa swali lini, na alingojewa kwa muda gani.