Mtumishi wa Kisiwani Naye Huchoka

Malalamiko ya wananchi wa visiwani juu ya watumishi wa Serikali si mapya. Tangu Ukara hadi Irugwa, tangu Kome hadi Maisome, husikika maneno yale yale: muuguzi ana lugha kali, mwalimu haonekani darasani siku ya Ijumaa, simu ya mtendaji wa kijiji haipatikani, na kila mtumishi aletwaye huanza kuomba uhamisho kabla hajamaliza kufungua mizigo yake. Mengi ya malalamiko hayo ni ya haki, na sisi tuliomo katika Chama tumeyapokea mara nyingi katika mikutano ya matawi. Lakini leo tunapenda kuuliza swali ambalo aghalabu haliulizwi katika mikutano hiyo. Mtumishi huyo tunayemlaumu, ni lini mara ya mwisho alilala usiku kucha bila kugongewa mlango?

Tuchukue mfano wa zahanati moja ya kisiwani, ipo wapi si hoja. Ikama ya Wizara ya Afya ya mwaka 2014 ilitaka kila zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15. Anayezijua zahanati za visiwa vyetu anajua kwamba kukuta watumishi wawili au watatu si ajabu, na kumkuta mmoja peke yake si ajabu pia. Basi huyo mmoja huamka asubuhi akapima watoto uzito, akachanja, akagawa dawa, akafunga vidonda vya wavuvi waliokatwa na nyaya na makopo, na jioni akakaa na vitabu vya MTUHA kuandika yote aliyoyafanya, kwa sababu lisiloandikwa huhesabiwa halikufanyika. Usiku huja mama wa uchungu. Mama huyo hawezi kuambiwa arudi kesho, wala muuguzi hana wa kumwamsha ampokee zamu. Kukipambazuka, akina mama wenye watoto wamekwisha kujipanga kwenye benchi, na kazi inaanza upya.

Wingi wa saa peke yake si jambo lililo zito kuliko yote. Wakulima wa Ukara, ambao tangu enzi za mababu hufuga ng'ombe zizini na kubeba samadi kichwani hadi shambani ili ardhi yao ndogo isichoke, hawana haja ya kufundishwa na mtu maana ya kazi nyingi. Kizito zaidi ni upweke wa kuamua. Mama anatoka damu, ziwa limechafuka, mwenye mtumbwi anakataa kuondoka na ana haki ya kukataa, mtandao wa simu unakuja na kupotea, na ndugu wa mgonjwa wamesimama mlangoni wakimtazama mtu mmoja. Akisema tusubiri pepo zitulie na mama akafa, ni yeye. Akisema twende na mtumbwi ukapinduka, ni yeye. Mtu anayekaa na maamuzi ya namna hiyo mwaka baada ya mwaka, bila mwenzake wa kumwuliza "Wewe unaonaje?", hubadilika. Wengine huwa wakali. Wengine hunyamaza, wakamhudumia mgonjwa kama mtu anayehesabu magunia. Wapo wanaoanza kushinda vilabuni, na wapo wanaofunga mizigo usiku wasionekane tena.

Hatusemi kwamba kila mwenye lugha chafu amechoka. Wapo waliokuja kazini na ukali wao kutoka nyumbani, na hao tusiwatafutie udhuru. Tunachosema ni kwamba uchovu wa kazi ni jambo la kweli, una chanzo kinachoonekana, na hauponi kwa hotuba ya kuhimiza uzalendo.

Hata ulimwengu umekwisha kulitambua hilo. Mei 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, hali ya kuishiwa nguvu kunakotokana na shinikizo la kazi la muda mrefu lisilodhibitiwa. Dalili zake zilitajwa kuwa ni tatu: uchovu usiokwisha, kuichukia kazi au kuiona haina maana, na kupungua kwa ufanisi. Shirika halikuiita hali hiyo ugonjwa. Liliiita jambo la mahali pa kazi. Tunawaomba maofisa wetu wautafakari sana uamuzi huo. Mei 2021 shirika hilo pamoja na Shirika la Kazi Duniani yalikadiria kwamba katika mwaka 2016 peke yake watu 745,000 duniani walikufa kwa kiharusi na maradhi ya moyo kwa sababu ya kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa juma. Muuguzi tuliyemtaja hapo juu huzipita saa hizo kabla juma halijaisha.

Na wala hatuna haja ya kwenda Geneva kutafuta haki yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa juma na saa 9 kwa siku. Imetaka mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, saa 24 kila juma, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Tunajua watakaotujibu kwamba sheria hiyo hiyo imetoa nafasi kwa kazi ya dharura. Ni kweli. Lakini dharura inayodumu mwaka mzima si dharura tena. Ni upungufu wa mpango uliopewa jina la heshima.

Hapa ndipo tunapotofautiana na baadhi ya wakubwa wetu. Nchi hii ilijengwa kwa wito wa Uhuru na Kazi, na tangu mwaka 2015 tukasikia wito mwingine wa Hapa Kazi Tu. Hatuna ugomvi na wito hata mmoja. Mvivu hana nafasi katika jamii ya watu wanaojitegemea. Ila tumeona pia jinsi wito unavyoweza kugeuzwa kuwa fimbo mikononi mwa kiongozi ambaye hakuifanya kazi anayoihimiza. Kiongozi hufika kisiwani saa nne, huitisha mkutano wa hadhara, humsimamisha muuguzi au mwalimu mbele ya wananchi na kumhoji kama mtuhumiwa, umati unapiga makofi, na saa nane boti inaondoka. Nyuma amebaki mtumishi yule yule, pamoja na wananchi wale wale ambao sasa wamekwisha kumdharau, na usiku wataugonga mlango wake. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu kwa watu wanaowaongoza. Ulitolewa kwa ajili ya watu wa zama nyingine, lakini hatujui aliyeufuta.

Kuna na hili la taarifa. Zamani barua ya wilayani ilivuka ziwa kwa siku tatu, na mtumishi alipata siku tatu za kuijibu. Leo agizo huingia katika kundi la simu saa tano usiku, likitaka takwimu za miezi sita zifike kabla ya saa mbili asubuhi, na mkuu wa idara anayeagiza hivyo hudhani kwamba amechapa kazi. Tungependa kujua ni takwimu ngapi za namna hiyo zilizowahi kusomwa na mtu.

Wananchi wa Ukara wana sababu ya pekee ya kuyaelewa haya. Alhamisi ya tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kilipinduka karibu na gati la Bwisya kikitokea Bugolora kikiwa kimezidisha watu mno, na zaidi ya watu 220 wakapoteza maisha. Wa kwanza kuingia majini walikuwa wananchi wenyewe na mitumbwi yao. Watumishi wachache wa afya waliokuwapo kisiwani walipokea walionusurika na waliokwisha kufa, na kisiwa kile ni kidogo. Bila shaka walikuwa wakizifunua nyuso za watu wanaowajua. Taifa liliomboleza, na sehemu ya fedha za rambirambi ikatumika kukipanua Kituo cha Afya Bwisya, jambo jema ambalo tulilipongeza. Lakini jengo halishiki zamu. Mtu aliyevuta maiti za jirani zake leo, na baada ya siku chache akarudi kwenye vitabu vyake kana kwamba ziwa limetulia, alipumzikia wapi? Alimweleza nani? Idara ya magonjwa ya akili ipo katika Hospitali ya Rufaa ya Bugando, naye hawezi kwenda na kurudi bila kukiacha kituo chake kitupu, na ruhusa lazima aiombe kwa mkuu yule yule anayengoja takwimu.

Sasa tuwageukie wananchi, kwa kuwa gazeti likiwasema maofisa peke yao halijamaliza kazi yake. Wavuvi wa dagaa wanajua kwamba ziwa lenyewe limeweka likizo. Mbalamwezi inapokuwa kubwa taa hazivuti dagaa, na vijana wanabaki nchi kavu kushona nyavu, kulala na kukaa na watoto wao, mpaka giza lirudi. Hakuna mwenye mtumbwi anayewaita wavivu. Vivyo hivyo Wasukuma katika bugobogobo hulima kwa ngoma, watu wengi katika mstari mmoja, na jembe la mtu huwa jepesi kwa sababu ya jembe la jirani yake. Kwa nini basi mvuvi aliyelala mchana kutwa aende kumgongea muuguzi saa saba za usiku kwa jino linalomuuma tangu Jumapili? Mama wa uchungu agonge. Aliyeumwa na nyoka agonge. Mtoto mwenye degedege aletwe mbio. Mwenye kikohozi cha juma zima angoje jua. Serikali ya kijiji inaweza kulisimamia hilo kwa uamuzi wa mkutano mmoja. Tena iko nyumba ya mtumishi iliyokoma kwenye lenta kwa miaka kadhaa katika zaidi ya kijiji kimoja tunachokijua; mtumishi wa pili haletwi kwa sababu hana pa kulala, na wa kwanza anaendelea kubeba mzigo wa watu wawili.

Upande wa Serikali, jibu tunalolitegemea ni kwamba fedha hakuna na vibali vya ajira ni vichache. Hatupuuzi jibu hilo. Tunakumbuka kwamba Aprili 2017 watumishi zaidi ya 9,900 nchini waliondolewa kwa vyeti vya kughushi, na ilikuwa haki waondolewe, lakini kazi waliyokuwa wakiifanya haikuondoka nao. Ilibaki mabegani mwa waliosalia. Hata hivyo yapo mambo yasiyongoja kibali. Mganga Mkuu wa Wilaya anaweza kuteua watumishi wawili kutoka hospitali ya Nansio wawe wa akiba, wakizunguka visiwa kwa zamu, ili kila mtumishi aliye peke yake apate siku zake 28 naye aondoke bila kufunga mlango wa zahanati. Watumishi wapya wanaweza kupangwa wawili wawili badala ya mmoja mmoja, hata kama maana yake ni kwamba kijiji kingine kitangoja mwaka mmoja zaidi. Tunajua uamuzi huo ni mchungu, na diwani wa kijiji kitakachongoja atapiga kelele, lakini kituo chenye watu wawili wanaobaki ni bora kuliko vituo viwili vinavyobadilisha mtu kila miezi minane. Madai ya nauli za likizo na malimbikizo ya mishahara yalipwe kwanza kwa walio mbali zaidi, si kwa walio karibu na dirisha la mhasibu.

Daraja la Kigongo na Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limewaondolea wasafiri wa nchi kavu adha ya kungoja kivuko. Visiwani daraja halitafika, na mtumishi wa huko ataendelea kutegemea hali ya hewa na hisani ya mwenye mtumbwi.

Bajeti za halmashauri huanza kutumika Julai Mosi, na kabla ya hapo madiwani hukaa kuzijadili. Tunapendekeza kwamba katika kikao cha safari hii, Halmashauri ya Ukerewe na ile ya Buchosa ziweke mezani orodha ya vituo vyote vya visiwani vyenye mtumishi mmoja tu, na mbele ya kila jina iandikwe tarehe aliyorudi kutoka likizo yake ya mwisho. Kazi hiyo haihitaji fungu. Inahitaji karatasi moja, na ofisa mmoja atakayekubali kuisoma kwa sauti mbele ya madiwani.