SAFARI YA MELI NA WATOTO, SEHEMU YA 4: Chakula cha wenyeji siyo adui

Haya mama zangu, tuendelee. Tiketi na jaketi okozi tumeshamaliza. Leo tuongelee tumbo, maana ndilo mnaloniuliza kila siku inboksi: "Nesi, nikimpandisha mwanangu meli kutoka Kyela hadi Mbamba Bay, atakula nini?"

Atakula wanachokula watoto wa huko. Huo ndio msimamo wangu.

MV Mbeya II inabeba abiria 200, na wakati wa likizo familia ya mjini unaitambua kwa maboksi: biskuti, juisi za pakti, soseji. Mtoto anapita Lupingu, Manda, Liuli, mwambao mzima, hajaonja hata samaki mmoja. Eti "tunamkinga". Halafu huyohuyo akifika ufukweni anaachiwa kuogelea kutwa nzima, anakunywa maji ya ziwa kwa kiganja, na usiku analala bila chandarua kwa sababu tupo likizo!

Jamani, hofu tumeiweka mahali sipo.

Wali wa Kyela uliotoka jikoni unafuka moshi, na mbasa aliyeiva sasa hivi, havimdhuru mtoto. Usipa anautafuna na mifupa yake, kalsiamu ipo humo (mdogo mpondee kwanza). Ukienda kusini utakutana na ugali wa muhogo, mpe. Ninachokataa mimi ni samaki wa asubuhi aliyekaa wazi na nzi mpaka jioni, matunda yaliyokatwa zamani, na juisi iliyochanganywa na maji usiyoyajua. Kipindupindu Kyela tunakijua, na hakiletwi na wali wa moto. Aliye chini ya miezi 6 hayumo kwenye mjadala huu, ziwa lake ni la mama tu.

Ziwa hili lingine ndilo la kuogopa. Lina kichocho, hasa kwenye maji yaliyotulia yenye majani na konokono, na maji yanaweza kuonekana safi kabisa. Kama ameoga humo, baada ya miezi miwili mitatu mpeleke akapime mkojo na choo hata kama hana dalili. Dawa ipo, prazikwanteli.

Kuna jambo jingine ambalo halipimwi maabara. Mama wa Kinyakyusa akikuwekea sahani, amekuheshimu. Ukifungua biskuti mbele yake, mwanao anakuangalia, anajifunza kwamba chakula cha watu hawa ni uchafu. Mfundishe kusema "ndaga fijo", anawe kwa sabuni, akae mkekani na wenzake. Akisusa mwache, njaa itamrudisha. Mkiwa Matema, mwonyeshe vyungu vya Wakisi wanavyofinyanga akina mama wa Ikombe. Akijua chungu kinavyotengenezwa, maharage ya chungu atayataka mwenyewe. Na msimu wa kakao ukiwakuta, ombeni mpasuliwe tunda bichi anyonye ule utamu mweupe, mbegu ateme. Wangapi wanakula chokoleti na kakao hawajawahi kuiona?

Kwenye begi weka ORS, zinki, sabuni, chandarua na maji yaliyochemshwa. Akiharisha damu, akiwa mlegevu hataki kunywa, au homa ikipanda, msingoje meli ifike mwisho. Shukeni bandari inayofuata, mwende kituo cha afya.

Sehemu ya 5 ni kutapika melini. Wenye maswali leteni.