Ujuzi wa kocha Bitok ulivuka mpaka, Kampala ikabaki njiani

KAMPALA – Mfanyabiashara anayetoka Nairobi kwenda Kigali kwa barabara kwa kawaida huingia Uganda kupitia Malaba au Busia, hulala Kampala, kisha hutokea Katuna. Paul Bitok alikuwa na safari ya namna hiyo, ila mzigo wake haukupimwa kwenye mizani ya forodha. Alikuwa amebeba voliboli kichwani.

Bitok ni Mkenya aliyewahi kuichezea timu ya taifa ya nchi yake kabla ya kugeukia ukocha. Mwaka 2009 Rwanda ilimchukua akafundishe timu yake ya taifa ya wanaume, na baadaye akapewa pia ya wanawake. Alikaa huko karibu muongo mmoja. Kwa mashabiki wa Nairobi jambo hilo lilikuwa chungu kidogo, maana kijana wao alikuwa akimnoa jirani anayekutana nao katika mashindano ya Kanda ya Tano. Kwa jicho la biashara, Rwanda ilifanya hesabu nzuri. Kocha wa jirani anaijua hali ya viwanja vyetu, anazungumza Kiswahili, na nauli yake ni ya basi.

Mwaka 2019 Kenya ikamrudisha nyumbani kuiongoza timu ya wanawake, Malkia Strikers. Matunda yakaonekana upesi: dhahabu ya Michezo ya Afrika nchini Morocco mwaka huohuo, kisha, Januari 2020, tiketi ya Olimpiki iliyopatikana Yaoundé, Cameroon. Kenya haikuwa imefika Olimpiki kwa voliboli ya wanawake tangu Athens 2004. Kwa hiyo mtaji ambao Rwanda ilisaidia kuukuza kwa miaka ile yote ulirudi Kenya ukiwa umeongezeka thamani, na hakuna aliyetozwa ushuru.

Yaliyofuata hayasemwi sana. Katika michezo ya Tokyo mwaka 2021, kiti cha kocha mkuu kilikaliwa na Mbrazili, Luizomar de Moura, aliyeletwa kwa mpango wa Shirikisho la Voliboli la Dunia (FIVB). Bitok, aliyeikata tiketi, alikuwa msaidizi. Kenya ilipoteza mechi zote tano bila kushinda hata seti moja. Si haki kumtupia Mbrazili lawama zote, kwani alikuta kundi lenye Brazil, Serbia na Japan. Lakini wauzaji wa Owino au Gikomba wanaijua hali hii: bidhaa ya hapa huonekana duni hadi ibandikwe nembo ya mbali.

Kigali nayo ilionja upande mwingine wa jambo hilo. Septemba 2021, ikiwa mwenyeji wa ubingwa wa Afrika wa wanawake, Rwanda ilichezesha wanawake wanne waliozaliwa Brazil. Wapinzani wakakata rufaa, mashindano yakasimamishwa, na mwishowe wenyeji wakaondolewa. Kosa lilikuwa la karatasi. Katika voliboli kila mchezaji ana shirikisho la asili, na kulibadili kuna masharti yake. Anayevusha mahindi au maharagwe hahitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu bila cheti cha asili ya bidhaa hata gunia moja linaweza kulala mpakani.

Tofauti ni kwamba mfanyabiashara mdogo amepata nafuu. Mzigo usiozidi dola 2,000 hupita kwa utaratibu uliorahisishwa. Mchezaji wa Kampala anayesajiliwa na Gisagara au REG za Rwanda, na wapo wengi waliopita njia hiyo, bado anahitaji hati ya uhamisho wa kimataifa ileile ambayo angeihitaji kwenda Uturuki. Jumuiya ya Afrika Mashariki haihesabiki hapo.

Kwa makocha, kikwazo kipo kwenye ajira. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 1, 2010, lakini kila nchi iliandika orodha yake ya kazi ilizozifungulia milango. Makubaliano ya kutambuana vyeti yamewagusa wahasibu, wasanifu majengo, wahandisi na madaktari wa mifugo. Kocha hayumo. Kenya na Rwanda zilifutiana ada ya kibali cha kazi, ila kibali chenyewe bado kinaombwa. (Wabunge wa jumuiya, ambao wangeweza kulirekebisha hili, hucheza voliboli katika michezo yao ya kila mwaka.)

Uganda ndiyo yenye la kupoteza zaidi. Mashindano ya klabu ya KAVC yameleta timu za Kenya na Rwanda Lugogo mara nyingi, na vipaji havijakosekana. Wanaokosekana ni waajiri. Mchezaji anayerudi kutoka Kigali akiwa na miaka 33, magoti yamechoka, anaweza kusomea ukocha wa FIVB, ngazi ya kwanza hadi ya tatu, na cheti hicho kinatambulika kote. Kama klabu za Kampala hazina mshahara wa kumlipa, atageuza gari kuelekea Katuna au Malaba, na safari hii atakuwa anakwenda kuwafundisha watakaokuja kuwafunga Waganda Lugogo.